Dawa ya Kufunga Mlango

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza nina neno.

Jana nilipata barua ya binti yangu kutoka huko kwako. Kurasa mbili, mwandiko wake ule ule wa kukimbia. Katikati ya ukurasa wa kwanza ameandika: "Mama kasema nisiingie chumba cha baridi bila koti." Nikaiweka barua mezani nikajiuliza ni lini nilisema hayo, maana sijui hata kama maabara yako ina chumba cha baridi. Nikaendelea. Chini kidogo: "Mama kanichekesha mpaka nikamwaga chai." Ndipo nilipoelewa kwamba huyo mama si mimi.

Alipoondoka hapa alikuwa na mama mmoja na mama mdogo mmoja. Naomba unieleze lile neno "mdogo" limeangukia wapi. Kama liko chini ya kochi lako, mwambie aliokote.

Sina ugomvi. Ruhusa nilimpa mwenyewe. Alisema anataka mwaka mmoja tu, aione nyumba tuliyozaliwa, aione nchi niliyotoka mbio nikiwa nimembeba mgongoni, afanye kazi katika maabara ya mama yake mdogo, kisha arudi. Umri wangu unaujua. Macho yameanza kuniaga, na nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Mwaka unaisha mwezi wa nane. Nataka arudi kama alivyoahidi.

Nasikia anachunguza kimeng'enya changu. Nasema changu kwa sababu nimeishi nacho muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Mkumbushe basi jinsi kilivyo. Ni tarishi. Hukaa kwenye ute wa seli, nje ya kiini, kimetulia. Ujumbe ukigonga utando wa seli, kinaamshwa, kinapenya vitundu vya ukuta wa kiini, kinaingia na kuziamsha jeni zinazotakiwa. Bila kuitwa hakiendi popote. Nilikivisha protini inayong'aa kijani nikakipiga picha ujana wangu wote: nje kijani, kiini cheusi kama tundu la shimo, wito ukija, kiini kinawaka. Asimalize mwaka wake kutafuta kilichokwisha kupatikana.

Salamu zimebaki chache. Ndizo hizi.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Barua yako imefika ikiwa bado ya moto. Nimeishika kwa kitambaa.

Chini ya kochi nimetazama. Hakuna neno, kuna kalamu mbili na soksi ya mwanao. Hilo neno limechoka tu, dada. Mtoto akiamka ananikuta jikoni, akirudi jioni ananikuta jikoni, na nyumba nzima ina mwanamke mmoja wa kuitwa. "Mama mdogo, chumvi iko wapi" ni maneno mengi kwa mtu mwenye njaa. Sikumfundisha. Sikumkataza pia, na ungekuwa wewe usingemkataza. Miaka yote umekuwa naye. Mimi nimemwazima mwaka mmoja, nawe umeshaanza kugonga mlango.

Anaendelea vizuri. Amenenepa, nilipomwambia hivyo alinirushia mto. Mafundi wa maabara wanamwita Sisimizi, jina ulilompa utotoni, kwa kuwa hatulii chumba kimoja. Mara yuko kwenye kabati la joto anakagua seli zake, mara kwenye hadubini, mara ofisini kwangu anakula karanga zangu. Nilidhani jina hilo lilibaki huko kwako. Kumbe alilibeba.

Sasa kazi. Juzi aliniita kwenye hadubini.

"Tazama. Kiko nje, kimetulia."

Nikasema naona.

"Unajuaje kimetulia?"

"Kwa kuwa kiko nje."

Akanigeukia na kile kicheko chenu cha upande mmoja. "Wewe kila ukipita unanikuta kwenye hadubini. Ungeapa kwamba siingii ofisini kwako. Sasa karanga zinamalizwa na nani?"

Ndilo wazo lake. Anadhani kimeng'enya kinaingia kwenye kiini na kutoka saa zote, hata bila kuitwa, ila kinatoka upesi kuliko kinavyoingia, ndiyo maana hatukikuti ndani. Wito haukifungulii mlango. Unakifanya kikawie tu. Njia ya kulijua hilo ni kufunga mlango wa kutokea na kuacha wa kuingilia wazi. Dawa ya kufanya hivyo ipo, lakini hapa haipatikani. Wewe unamjua yule mzee Kipara uliyefanya naye kazi, anayeitengeneza. Mwombe chupa moja ndogo.

Amenituma niandike mimi kwa sababu anaogopa utadhani anakupinga. Nimemwambia dada yangu hapingwi, anaarifiwa.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Chupa ninayo. Kipara hakuuliza ni ya nini. Aliuliza habari za Sisimizi, akanipa kwa mikono miwili. Iko kwenye friza langu ndani ya kikopo cha plastiki, na juu yake nimeandika "usiguse", ingawa hapa hakuna wa kugusa.

Wazo la mtoto nimelisoma. Linapendeza. Na mimi nilikuwa na mawazo ya kupendeza nilipokuwa na magoti ya umri wake. Aniruhusu tu niseme kwamba picha zangu zilitazamwa na watu wengi, wengine hawakunipenda hata kidogo, na hakuna aliyeona kimeng'enya hicho kikitembea bila kutumwa.

Ila dawa hii si kitu cha kutia kwenye bahasha. Inataka baridi, inataka mkono unaoijua. Ikizidi kidogo seli zinakufa, ikipungua hakuna kinachofungwa. Nimeona afadhali aje aichukue mwenyewe. Akae wiki chache nimwonyeshe namna ya kuipima, kisha tutaona.

Najua unachofikiri. Unafikiri namvuta mtoto kwa chupa. Nami nafikiri karanga zako ni chambo. Tofauti ni kwamba mimi nimekiandika changu waziwazi.

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Nilimsomea mtoto barua yako, nikaruka pale pa karanga. Akasema, "Mama anataka nirudi." Safari hii mama alikuwa wewe. Nilijua kwa jinsi sauti ilivyoshuka. Furahi basi.

Hawezi kuja. Seli zake amezikuza kwa taabu, na seli hazijui habari za likizo. Zisipobadilishiwa maji na chakula zinakufa. Wewe wa kwanza kulijua hilo. Uliwahi kukosa kuisikiliza arusi yangu ya kwanza kwenye simu kwa kuwa ulikuwa unalisha seli.

Una desturi ya kuita watu waje. Mama yetu alipougua uliandika, "Mleteni huku, kuna madaktari." Mama ambaye hakuweza kufika mlangoni bila kunishika bega. Najua wewe hukuweza kurudi. Karatasi zako hazikukuruhusu, na waliokuwa wanakutafuta walikuwa bado na nguvu. Kwa hilo sikulaumu na sijawahi. Ninachosema ni kwamba ulipata jina kwenye majarida, ukawa na mtoto, na juu yake ukapata huruma ya kila mtu kwa kuwa uko mbali. Mimi nilipata funguo za nyumba. Anayebaki hapewi pole, dada. Anaulizwa tu kama bomba limetengenezwa.

Sasa nimepata mtu wa kunimalizia karanga, nawe unaona umeibiwa.

Tuma chupa au usitume. Lakini ukiizuia, usiniambie ni kwa ajili ya baridi.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Ile barua niliisoma nimesimama, koti mwilini, na nilipomaliza sikujua kama nilikuwa natoka au naingia.

Niseme langu mara moja, kisha tusirudie. Wewe ulikuwa na mama mpaka pumzi ya mwisho. Unaijua sauti yake ya uzeeni. Mimi ninayo ile ya zamani tu, anaimba akipiga pasi, na kila mwaka inafifia; siku hizi nasikia pasi kuliko wimbo. Watu hunipa pole ya kuwa mbali, na mimi huipokea, lakini hakuna anayejua kwamba nilikuonea wivu kila siku ya ugonjwa ule. Hata siku za kubadilisha mashuka. Hizo zaidi.

Halafu nimekuzalia na mtoto wa kukaa naye.

Chupa inakuja. Jirani yangu muuguzi anasafiri kwenda huko kuona ndugu zake, nimempa kwenye chombo chenye barafu. Atakukabidhi mkononi. Iweke kwenye friza la maabara. La nyumbani hufunguliwa kila mtu akipita. Mpe mtoto siku hiyo hiyo. Mwambie aanze na tone dogo kuliko anavyodhani, na asitazame mapema.

Akipata jibu lake, arudi. Sihitaji hata jibu liwe langu.

Dada yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Kimya chako kimekuwa kirefu. Chupa imefika? Binti ameniandikia kadi. Anasema bado anasubiri dawa, na anauliza, kwa upole ule wa mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa, kama nimebadili nia. Nimemjibu sijabadili. Nawe nijibu.

Dada yako


14 Juni

Dada mpenzi,

Tusameheane kwa kuchelewa. Wasafiri wa siku hizi unawajua, mtu anabeba mzigo wako akipita kwanza kwa shangazi, kwa mjomba, kwa rafiki wa mjomba. Tuwe na subira. Umeme nao unakatika ovyo.

Mtoto alipata homa wiki iliyopita. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji, akalala kichwa mapajani kwangu jioni nzima, mguu wangu ukafa ganzi nisitake kuusogeza. Sasa mzima kabisa. Ameanza kuuliza maswali ya mtu anayekaa: paa la maabara litarekebishwa lini, nani ataishika kazi nikistaafu. Sijamjibu. Nafikiri tu kwamba mwaka ni muda mfupi kwa kazi ya seli. Hatuna haja ya kukimbizana na mwezi wa nane.

Bougainvillea ya mama imechanua tena, ile tuliyodhani imekufa.

Pokea salamu nyingi, nyingi sana.

Mdogo wako akupendaye


1 Julai

Mdogo wangu,

Tangu uvunje saa ya baba hujawahi kunitumia salamu "nyingi, nyingi sana". Nilipofika pale nilijua kuna kitu kimevunjika.

Muuguzi amerudi. Alipita kunisalimu, akakusifu mpaka nikachoka. Anasema ulimkaribisha chai, ukamwonyesha picha ya mama ukutani, ukapokea chombo na kukifungua mbele yake, ukasema, "Dada yangu akifunga kitu utadhani anazika." Hayo ni maneno yako. Muuguzi ni mwanamke mwema, lakini hawezi kuyatunga. Na hayo yote yalikuwa mwezi wa tano.

Asubuhi nzima nilikuwa na hasira. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Mchana nikaanza kucheka peke yangu, kicheko kisicho kizuri. Mimi niliizuia chupa kwa sababu akiipata asingekuja kwangu. Wewe umeizuia kwa sababu akiipata ataondoka kwako. Kweli tumelala kitanda kimoja utotoni.

Sitamwandikia yeye. Nakupa nafasi umpe mwenyewe, kwa mkono wako, useme imefika. Lakini mpe. Kicheko hiki hakitadumu.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Barua yako imenikuta mambo yamekwisha.

Niliificha kwenye friza la nyumbani, nyuma ya mfuko wa njegere. Ndiyo, la nyumbani, lile ulilonikataza; kwenye la maabara angeiona siku ya kwanza. Nilifikiria kila kitu. Nilisahau tu kwamba katika nyumba hii mla njegere ni yeye.

Alitoka jikoni ameishika.

"Hii imekuja lini?"

Nikasema juzi.

Akakitazama kifuniko. Barafu ilikuwa imekigandia unene wa kidole. Mtu anayefanya kazi na friza humdanganyi kwa tarehe. Akasema, "Sawa." Basi. Ningependa angevunja sahani.

Akaenda nayo maabara. Nikamfuata, hakunikataza. Alitia tone kwenye kisahani cha seli zilizotulia kabisa, ambazo hazijapelekewa ujumbe wowote. Tukakaa bega kwa bega kama watu wanaosubiri daktari. Mwanzo zilikuwa kama picha zako, nje kijani, kiini cheusi. Halafu, dada, ule weusi ukaanza kuchakaa. Hakuna aliyekiita. Kiini kimoja kikapambazuka, kisha cha jirani yake, taratibu, mpaka kisahani kizima kikawa kama mtaa saa ambayo watu wanarudi makwao na kuwasha taa. Kimeng'enya chako kilikuwa kinaingia siku zote. Kilikuwa kinatoka tu kabla hatujageuza shingo.

Picha zako si za uongo. Zinaonyesha kinapokaa, basi. Kinapokwenda hazikuwahi kuulizwa. Nakuandikia hili kwa sababu najua utaruka moja kwa moja hadi kwenye aya hii.

Nikamshika bega, nikamwambia umepata. Akasema, "Asante, mama mdogo."

Neno lako limerudi, dada. Tulikuwa tunalitafuta chini ya kochi, lilikuwa kwenye friza.

Kesho yake alifunga sanduku. Alimwachia fundi seli zake na maelekezo ya namna ya kuzilisha, akanibusu shavuni, hata hakununa, na hilo ndilo lililonimaliza. Hakusema anakwenda wapi. Sikuuliza. Kuna mahali pamoja tu pa kwenda.

Umeshinda. Mpokee vizuri. Homa ile iliacha kikohozi, asilale dirisha wazi. Na anapenda njegere zisiive sana.

Mdogo wako


5 Agosti

Mdogo wangu,

Nimetandika kitanda. Nimenunua njegere. Hajaja.

Nilikaa siku kadhaa nikisikia kila gari linalosimama. Muuguzi amepiga simu anakojua, mimi nimepiga kwa Kipara, hakuna aliyemwona. Ukitazama vizuri, barua yako haisemi anakuja kwangu. Inasema wewe unadhani. Kama ni mzaha, uumalize. Kama umemficha kama ulivyoificha chupa, sema, nitasamehe hata hilo. Nimeanza kuwa mzoefu.

Pale pa kiini kupambazuka nimepasoma mpaka karatasi imelegea. Sikuruka kwenda huko moja kwa moja, kama ulivyodhani. Nilisoma kwanza pa njegere. Miaka ile yote nilikaa kwenye kiti kile kile, jicho kwenye lenzi ile ile, na haikunipitia akilini kufunga mlango wa kutokea. Niliuangalia wa kuingilia tu. Nilikuwa mtu aliyetoka na asiyeweza kuingia tena, labda ndiyo sababu. Labda pia hiyo ni hadithi ya kujipoza.

Hilo la "mama" nimekuachia. Lakini kukaa bega kwa bega naye saa ile, hilo nakuonea wivu ambao sitauficha. Ilikuwa nafasi yangu.

Yuko wapi mtoto?

Dada yako


10 Agosti

Mama, na mama mdogo,

Barua hii ni moja, nakala mbili. Zote nimeziandika kwa mkono, ili asiwepo wa kusema mwenzake kapata halisi.

Mimi ni mzima. Niko mji wa tatu, ambako hajawahi kukaa hata mmoja wenu. Maabara ya huku ilinialika tangu mwezi wa nne. Sikuwajibu. Kila nilipochukua kalamu nilijiuliza nani atalia. Sasa nimewajibu, na nani analia nitajua baadaye.

Mama, uliizuia chupa ili niingie kwako. Mama mdogo, uliizuia ili nisitoke kwako. Naijua hiyo dawa inavyofanya kazi, nimeitumia. Siku ya kwanza seli haifi. Inang'aa. Mtu akiipiga picha siku hiyo atasema, tazama ilivyopendeza. Ni siku ya pili ndipo inaanza kusinyaa, na hapo mpiga picha ameshaenda nyumbani.

Sina hasira kama mnavyodhani. Nilikuwa nazo kwenye basi. Halafu nikamkumbuka Mama anayeandika "usiguse" kwenye nyumba asiyokuwamo mtu mwingine, maana kile kikopo kilikuja na maandishi yake. Nikakumbuka bakuli la karanga ambalo sikuwahi hata siku moja kulikuta tupu, ingawa mama mdogo hali karanga, zinamuumiza meno.

Nitakuja kwa Mama mwezi wa kumi na mbili. Kwa mama mdogo nitakuja baada ya hapo, nione seli zangu na paa. Nitaondoka kote kuwili. Halafu nitakuja tena. Msikae dirishani.

Nimeweka picha za seli, kila mmoja na yake. Si kisahani kimoja, lakini ni siku moja.

Msinihofie. Kikohozi kimekwisha. Mama mwenye nyumba wa huku ni mtu mwema sana, amenishonea pazia, na asubuhi asiposikia mlango wangu anakuja kugonga.

Sisimizi wenu


1 Septemba

Dada,

Yako imefika? Yangu imefika. Niliisomea ofisini, fundi akapita akanikuta, nikamwambia ni vumbi la karanga. Akasema, "Mama, huna karanga hapo." Kweli bakuli lilikuwa tupu. Sijalijaza tangu aondoke.

Kumbe mwaliko alikuwa nao tangu mwezi wa nne. Alikaa nao mezani kwangu, akala, akacheka, akaugua mapajani pangu nao, asiseme neno. Nilitaka kumlaumu, kisha nikajiuliza kuficha kajifunzia wapi. Walimu wake wawili nawafahamu.

Uliandika kwamba ilikuwa nafasi yako pale kwenye hadubini. Ni kweli. Nilipokaa nililijua, na nilikaa.

Lakini dada, umeona lile la pazia? Ana wiki ngapi pale, huyo mtoto? Mimi nimekaa naye miezi, madirisha yangu yana pazia za zama za mama, na sikuwahi kumsikia akitaka pazia. Na hii "mtu mwema sana". Mimi aliwahi kukuandikia kwamba ni mwema sana? Nijibu kwa kweli.

Mdogo wako


18 Septemba

Mdogo wangu,

Hapana. Aliandika kwamba unamchekesha. Ningekuwa wewe ningelichukua hilo na kuliweka mfukoni.

Picha yake nimeibandika ukutani, pale palipokuwa na yangu ya zamani. Yangu sijaitupa, nimeishusha chini yake. Kipara alikuja akazitazama zote mbili, mikono nyuma kama yuko msibani, akasema, "Ya chini imepigwa vizuri zaidi." Ni mtu mwenye adabu. Nimemwambia ni kweli, na kwamba ya juu inaona mbali zaidi.

Nimeulizia karatasi za safari. Waliokuwa wananitafuta wamezeeka kuliko mimi, na wengine wamekwenda kunisubiri kwingine. Afisa alikuwa kijana, hakuwa hata amezaliwa nilipotoka. Aliniuliza sababu ya safari, nikasema kumtembelea mdogo wangu, akaandika hivyo hivyo bila kuinua kichwa. Zikitoka nitakuja mwaka mpya, nikifuatana na Sisimizi. Nitalala kitanda cha mama, kama hujakitoa. Uniwekee kisahani kimoja na tone la ile dawa. Nataka kuona weusi ukichakaa macho haya yakiwa bado yanaona, na wewe ukae ubavuni, unieleze pale nitakaposhindwa. Kisha nitaondoka, usianze kuficha viatu vyangu. Bougainvillea usiipogoe kabla sijafika.

Sasa tuje kwa huyo mama mwenye nyumba. La pazia lisikusumbue, pazia hushonwa na yeyote mwenye sindano. La kugonga mlango ndilo lililoninyima usingizi wa mchana. Mtu anayesikiliza mlango wa mtoto wa mwenzake asubuhi, huyo ana jambo.

Mwandikie wewe. Mimi nikiuliza atajua mara moja. Uliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: ni wa umri gani, anaishi na nani, anapika nini. Uliza Sisimizi anamwitaje.

Na uliza kama ana watoto wake mwenyewe.

Dada yako